Kamera Isiyo na Adabu

Usiku wa jana niliota bei imelazwa.

Nianze na mchana wake, ili mjue ndoto hii haikutoka hewani. Mama yangu mzazi amekaanga samaki pale Uyole kwa miaka thelathini na moja. Ni samaki wa Ziwa Nyasa, wanaoletwa kutoka Kyela wakiwa wamelala kwenye barafu. Miaka yote hiyo hajawahi kumwona hata mmoja akiwa hai, na kila anapomtia mmoja kwenye mafuta humwambia "pole." Husema kwa sauti ya chini, wateja wasisikie. Mwaka huu amepumzika kazi, na alichoomba kwa likizo si kitenge wala redio. Anataka kwenda Matema, ufukweni mwa ziwa hilo, aingize kichwa majini, awaone samaki nyumbani kwao, na apigwe picha pamoja nao wakiwa hawana chumvi wala limau.

Tatizo ni kwamba mama anaogopa maji. Hata kuoga huanza na miguu, halafu anatafakari. Kwa hiyo alitoa sharti.

"Naingiza kichwa mara moja, Atupele. Moja. Mkiikosa hiyo picha sirudii, na msinitajie ziwa tena mpaka mnizike."

Basi jana nilikwenda sokoni Mwanjelwa kutafuta kamera ya kupigia picha chini ya maji. Mwenye duka akaniwekea tatu mezani, akagusa ya manjano, akasema kwa pumzi moja: "Hii hapa dada yangu, haipitishi maji, ina dhamana ya mwaka mmoja, na bei yake nafuu." Nikamwambia nitarudi kesho. Jioni nikamweleza mama maneno yaleyale. Aliposikia "nafuu" akaweka kikombe chini.

"Cha rahisi ni ghali," alisema. "Kichwa changu kilowe, halafu kamera yenyewe inywe maji? Siendi."

Akaenda kulala. Nami nikalala nimenuna, na chini ya kununa huko nilikuwa na huzuni, maana namjua mama. Mwaka huu ni kamera. Mwakani atapata sababu nyingine, na miaka haimsubiri mtu.

Ndipo nikaota bei imelazwa. Ilikuwa wodi namba tatu, kitanda cha dirishani. Muuguzi aliyenipokea alikuwa karai la mama la kukaangia, limevaa kofia nyeupe. Sikushangaa. Nililisalimia, likaitikia.

"Jana ilipanda sana," karai linasema. "Tuliiwekea kitambaa cha maji baridi ndiyo ikashuka. Leo tunaweza kusema ni nafuu."

"Naomba kuiona."

"Wewe ni ndugu?"

"Mnunuzi."

Karai likanitazama vibaya. "Wanunuzi ndio mnaozimaliza. Dakika mbili, na usiombe kitu."

Kwenye kitanda cha kwanza ilikuwepo bei mbaya. Haikuwa mgonjwa, ilikuwa mbaya tu. Ilikuwa imefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, na nilipopita ikanusa mkoba wangu, ikacheka.

Bei niliyoifuata ilikuwa kitanda cha pili, kile cha dirishani. Imekonda, imejifunika blanketi mpaka kidevuni, na pembeni kuna uji ambao haujaguswa.

"Dada," inasema, "nakuomba jambo moja tu. Usinipunguze. Nimebaki mifupa."

Hapo nikiri udhaifu wangu. Sijawahi kununua kitu maishani bila kuomba nipunguziwe. Hata kwenye mnada wa kanisa, ambako watu wanapandisha, mimi nilishusha. Nilijitahidi kuuma meno, lakini mdomo ukafunguka wenyewe.

"Punguza kidogo tu jamani, mimi ni mteja wako."

Bei ikazimia. Karai likapiga kelele, madaktari wakaja mbio wamebeba mizani, nami nikatolewa kwa mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma wa wodi ile unatokea kwenye kituo cha polisi kilicho chini ya Ziwa Nyasa.

Ndani ya kituo ni pakavu. Maji yote yako nje, yamepanga foleni mlangoni kwa utaratibu mzuri. Askari wako sita, wote kambare, na nimeshindwa kujua mkubwa wao ni yupi kwa sababu wote wana ndevu. Nikaamua kumwamkia aliye karibu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Shida yako?"

"Nimefuata kamera ya manjano. Nimeambiwa ina dhamana ya mwaka mmoja."

Kambare akafungua daftari. "Ni kweli, kosa lake lina dhamana. Lakini kosa lenyewe unalijua?"

"Silijui."

"Kupiga picha." Akageuza ukurasa. "Ilizipiga mbele za watu, mchana kweupe, na waliokuwepo wakawa wanachekelea meno nje. Wewe unaitaka ya nini?"

"Impige mama yangu."

Kalamu ikasimama. Kambare wote sita wakanigeukia.

"Rudia."

"Nataka impige mama yangu, chini ya maji. Mara moja tu, lakini isimkose."

"Mama mwenyewe anajua?"

"Anajua. Ameshachagua mpaka gauni."

Akayaandika yote hayo taratibu, akayasoma tena kwa sauti, akanisainisha. Kisha akasema mimi ni mtu hatari lakini mkweli, na kwamba ninaruhusiwa kuitambua kamera yangu kwenye gwaride.

Zikaletwa zile tatu za dukani, zikasimamishwa ukutani.

"Tutaona ni ipi haipitishi maji," alisema kambare. "Kazi yake ni ya getini. Maji ya kwanza, pita!"

Tone moja linatoka kwenye foleni, linajipangusa miguu, linasogea mbele ya kamera ya rangi ya fedha.

"Hodi!"

"Karibu!" inasema kamera ya fedha. "Karibu ndani, karibu kiti, za huko utokako?"

Tone likaingia, likaketi, likawaita na shangazi zake. Kamera ile ilikuwa imelelewa vizuri sana. Ilikufa ikiwa bado inauliza nani hajapata pa kukaa.

Ya pili, nilipoitazama vizuri, haikuwa kamera. Ilikuwa simu ya kawaida iliyovalishwa mfuko wa nailoni.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi tone."

"Uko peke yako?"

"Peke yangu kabisa."

"Ngoja nichungulie nihakikishe," ikasema simu, ikafungua mfuko kidogo. Tuliifunika shuka.

Sasa ni zamu ya manjano. Tone linakohoa, linajiweka sawa.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Kimya.

"Hodi jamani, nalowa huku nje!"

Kamera ya manjano imekaza ule mpira wa mlangoni pake, inatazama mbele. Mimi mwenyewe nimeng'ata ulimi. Kunyamaza wakati mtu anabisha hodi si jambo dogo kwa aliyelelewa na mama yangu. Jasho linanitoka mpaka kwenye visigino.

Hapo ndipo mama mwenyewe akaingia. Alikuwa amevaa lile gauni alilolichagua, na kofia ya kuogea kichwani.

"Mtu anabisha hodi mara tatu, nyinyi mmemtumbulia macho?" alifoka. "Kambare wazima na ndevu zenu! Nani kawalea?"

Akaugeukia mlango, akavuta pumzi, na nikaiona midomo yake inaanza kulitengeneza neno "karibu."

Nikamziba mdomo. Sijawahi kufanya jambo kama hilo katika maisha yangu. Lakini nilijua neno lile likitoka tu, kamera imekwisha, na ile mara yake moja imekwenda na maji.

"Mama, nisamehe," nilisema. "Ukiyakaribisha, yanaingia."

Akautoa mkono wangu taratibu. Hakunigombeza. Aliitazama kamera kwa lile jicho analomtazamia mteja anayetaka kuondoka na sahani.

"Wewe. Jeuri hiyo umeitoa wapi?"

Kamera ikasema kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na sauti ndogo kuliko nilivyotegemea.

"Si jeuri, mama. Naogopa maji. Nayaogopa tangu nitengenezwe. Ndiyo maana nafunga mdomo."

Mama akavuta kiti, akaketi karibu nayo.

"Kumbe ni mwoga mwenzangu," alisema. Nilitaka kulia, kwa sababu sijawahi kumsikia akilitaja neno hilo juu yake mwenyewe. Siku zote maji ndiyo yenye makosa. "Basi tutaingia pamoja. Wewe funga mdomo wako, na mimi nitafunga wangu. Mara moja tu."

"Mara moja tu," ikasema kamera.

Kambare akasogeza karatasi ya dhamana na kidau cha wino wa zambarau. Mama akachovya dole gumba la kulia, akaligandamiza kwenye karatasi kwa nguvu zake zote, akatangazwa mdhamini. Papo hapo milango ikafunguliwa na maji yakaingia, kwa foleni ileile, yakisema asante.

Tuko Matema. Ni asubuhi na maji yanatufika kiunoni. Mama amenishika mkono na vidole vyangu vinalia. Anahesabu "moja," haendi. Anahesabu "moja" tena. Anaihesabu moja mara nne, kwa sababu mbili haimo kwenye makubaliano. Mara ya tano akazama.

Chini samaki wanamsubiri. Wamejipanga kwa kimo: mbasa mbele, magege katikati, na usipa nyuma kabisa wakisukumana. Mbasa mzee akamsogelea mama mpaka puani.

"Ndiye huyu?" akauliza.

"Ndiye," wakasema walio nyuma.

"Yule anayesema pole?"

"Ndiye huyohuyo."

Sikuelewa habari hizo zilifikaje ziwani, maana kwa ninavyojua mimi hakuna aliyewahi kurudi.

"Shikamoo, mama!" wakasema wote kwa pamoja.

Nikaiona taabu aliyoipata. Kuamkiwa na umati mzima, na usiitikie! Mashavu yalimvimba kwa ile marahaba iliyokuwa ndani. Shingo ilimsimama. Lakini hakuufungua mdomo. Aliyafumbua macho, akayafumbua zaidi, akainamisha kichwa kwa kila mmoja wao, mpaka kwa usipa wa mwisho. Na wao wakageuka wakamzunguka, wakakaa vizuri, wakatulia.

Kamera ikapiga. Mara moja.

Kambare akaichukua picha kwenda kuiosha. Aliiosha ufukweni kwenye beseni, kwa sabuni ya mche, akaisuuza mara mbili, akaianika kwenye kamba ikiwa imetupa mgongo. "Ikikauka mtaiona," alisema. Sina subira. Nilitaka kuuona uso wa mama kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote cha dukani, kwa bei yoyote ile. Nikanyoosha mkono niigeuze.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na mtu alikuwa mlangoni mwa chumba changu.

"Hodi."

Nikanyamaza. Sikukusudia, mdomo ulijifunga wenyewe.

"Hodi!"

Nikanyamaza.

"Hodi Atupele, chai inapoa huku!"

Mama akaingia bila kukaribishwa. Siku nyingine yoyote ningepewa mahubiri ya nusu saa juu ya malezi. Leo alinitazama tu, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kipande cha sabuni ya mche. Dole gumba la kulia lilikuwa la zambarau mpaka kwenye kiungo.

"Nimelisugua tangu alfajiri," alisema. "Hata kwa majivu. Halitoki."

Akaketi kitandani kwangu, akalifuta lile dole kwenye khanga, likabaki vilevile.

"Tukifika dukani," alisema, "wewe kaa kimya, na hiyo bei usiiguse, iache ipone. Kamera nitazipigia hodi mimi mwenyewe, moja baada ya nyingine. Itakayonyamaza ndiyo tunaondoka nayo."