Kipande cha Agatha

Mgeni alifika kabla keki haijaingia motoni. Nilisikia pikipiki ikizimwa uani, nikadhani Agatha amewahi, nikatoka na mwiko mkononi. Kumbe ni mama wa makamo nisiyemjua, vumbi la njia ya Katesh limempanda hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Letisia wa keki isiyo na sukari?"

Alijitambulisha kuwa Mama Judith, mwenye duka la vyakula Katesh. Wateja wake wenye kisukari walikuwa wanamsumbua, wanataka kitafunwa cha chai, na dereva wa bodaboda ndiye aliyemtajia jina langu. "Nimekuja kuonja," alisema. "Ikinipendeza, utanipikia kila wiki. Ila saa nane niwe njiani, dereva wangu hangoji."

Nina miaka miwili tangu nihitimu masomo ya lishe, na hakuna aliyewahi kunifuata nyumbani kunipa kazi. Nilimvutia kiti, nikakigonga mlangoni kwa haraka.

Keki yenyewe haikuwa ya biashara, ilikuwa ya Agatha, rafiki yangu tangu shule ya msingi hapa Endasak. Tangu mwaka jana alipoambiwa ana kisukari, kwenye sherehe anakaa na glasi ya maji na kusema ameshiba. Siku ya kipaimara cha mdogo wake aliniambia, "Letisia, nimechoka kuuliza kila sahani ina nini." Nikamwahidi kwamba Jumamosi hii atakula nasi, sufuria moja, na hatauliza.

Ndizi zilizoiva hadi maganda kuwa meusi nilikuwa nimeshaziponda, nikazichanganya na unga wa ulezi, mayai na maziwa mgando. Kilichobaki ni makaa kushika. Lakini sikutulia. Nilikwenda barabarani kumtazama Agatha, nikarudi kumpa mgeni chai, nikaenda tena.

"Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia," mama yangu aliniambia kutoka jikoni. "Hebu kaa."

Makaa yaliposhika nilibandika sufuria, nikapanga mengine juu ya mfuniko. Rafiki zetu Irene na Yonas wakaingia, na Agatha nyuma yao.

"Harufu nzuri," Yonas alisema. "Hii ndiyo keki ya hospitali?"

"Kinachohitaji hospitali ni mdomo wako," Agatha akamjibu, akakaa karibu kabisa na jiko.

Keki ilipoiva nilimkatia mgeni kwanza. Mama Judith alitafuna taratibu, akaitikia kwa kichwa. "Mwanangu, hii naichukua."

Nilikuwa nimeshamgawia kila mtu. Nikalamba kisu. Huu haukuwa utamu wa ndizi. Ulinata kwenye meno. Nilimfuata mama yangu jikoni.

"Mama, umeongeza nini?"

Alikuwa anakunjakunja pindo la kitenge chake. "Kikombe kimoja tu. Ulipokwenda barabarani." Akashusha sauti. "Nimemsikia mgeni akisema. Hadi Katesh wanajua kwamba nyumba hii haina sukari. Mgeni atoke mbali hivyo, aondoke na habari hiyo? Niliona aibu."

Sikuwa na la kumlaumu. Kwetu chai ya mgeni huongezwa sukari hata kama ya watoto itakosa. Nilikuwa nimewafundisha lishe wanawake wa kijiji cha Gehandu wakati wa mafunzo kwa vitendo, na sikuwahi kukaa na mama yangu nikamweleza kwa nini keki hii iwe hivi.

Nilipotoka, Agatha alikuwa ameinua kipande chake. Hakuwa ameuliza chochote.

"Agatha, usile. Ina sukari."

Yonas akaacha kutafuna. Mama Judith akaweka sahani chini.

"Ulisema haina," akaniambia.

"Nilichanganya, kisha nikaiacha bila kuiangalia. Kosa ni langu, mama. Ndizi zimebaki mbili. Nipe nusu saa."

Akatazama saa, akamtazama dereva aliyekwisha kupanda pikipiki. "Wateja wangu ni wagonjwa, siwezi kuwapa kitu cha kubahatisha. Lakini umesema ukweli. Beba hizo ndizi, panda nyuma, uoke dukani kwangu nikiona. Kesho nasafiri, na nikirudi huenda nimeshapata mtu mwingine."

Nikageukia ndizi zile mbili. Nyingine zote zilizoning'inia jikoni zilikuwa bado za kijani.

"Nenda," Agatha alisema haraka. "Maji nimeyazoea."

Laiti angesema neno lingine, huenda ningekwenda.

"Nenda salama, mama," nilimwambia mgeni. "Huyu nimemwahidi leo."

Mama Judith akafunga vizuri mtandio wake, akapanda nyuma ya dereva. Pikipiki ilisikika hadi ilipopita kanisa, nami nilisimama naisikiliza, miguu inataka kukimbia.

Mama alizimenya ndizi mwenyewe. Kopo la sukari alilipeleka chumbani, akarudi na sufuria ndogo ya uji. Nikapepea makaa kuliko yalivyohitaji, nikauinua mfuniko mara mbili, Irene akanipiga mkono. Keki kubwa ikakaa mezani na hakuna aliyeigusa tena, hata Yonas.

Ile ndogo ilitoka na ukubwa wa kiganja, upande mmoja umeungua. Niliikata vipande vitano, kila kimoja kama kiberiti, na cha Agatha nikakitoa upande usioungua.

Alikipokea, akakitia mdomoni. Hakuuliza.