Guru Akiwa Amesimama

Jumatano, tarehe 16 Agosti 2023. Mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri na jua lilitoka kali, la kunata mwilini, lakini mto Beas uliendelea kupanda kwa sababu bwawa la huko juu lilikuwa limefunguliwa. Bachint Kaur alikuwa anasoma sala ya asubuhi katika gurdwara, nyumba ndogo ya sala ya Masingasinga wa bondeni, alipoona zulia linalowa kuanzia pembeni. Hakumaliza ukurasa. Alimwomba Guru radhi, akafunga Kitabu.

Guru wao ni Kitabu chenyewe, Granth, anayelazwa kitandani usiku na kuamshwa asubuhi kama mfalme, na mfalme haachwi majini. Bachint alijifunza kumsoma ukubwani, baada ya kufiwa na mume, kwa madarasa ya jioni kule Sultanpur, akitoka kuosha vyombo vya watu. Sasa ndiye aliyekuwa mtunzaji. Alimfunika Guru kwa vitambaa vyake, akamtwika juu ya ngata safi kichwani, akatoka miguu mitupu. Maji yakamfika magotini.

Paa kavu lilikuwa moja tu, gurdwara kubwa ya wenye mashamba, kule kwenye mwinuko. Na huko ndiko asikotaka kwenda. Mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mtu. Jiko ndilo halikuwa wazi. Watu wa bondeni walikula langar pale, chakula kile cha wote, na wanawake wao walisugua masufuria, lakini mikono yao, iliyohesabiwa ya tabaka la chini, haikugusa unga. Hakuna aliyewahi kutamka katazo. Ukilisogelea tu beseni la unga, mtu anakushika bega kwa upole na kukupa ufagio. Ndiyo maana wazee wa bondeni walijenga nyumba yao ya sala, kwa matofali ya tanuri walilofanyia kazi. Bachint aliogopa kwamba Guru akishaingia kule juu, watasema basi abaki, kijiji kimoja, gurdwara mbili za nini. Bondeni watakosa Guru, na watakosa hata jiko la kukandia unga wao.

Resham, mchoma matofali, alimfuata nyuma akipunga upepeo wa manyoya meupe juu ya Kitabu. Kwa desturi mtu mwingine hutangulia akinyunyiza maji njiani, na mwanamke mmoja aliuliza nani angeifanya kazi hiyo.

"Leo mto umejitolea," alisema Resham.

Wanawake walicheka. Bachint naye alicheka, shingo ikiwa imekakamaa.

Njia nzima hakutulia. Aliwaza shule, akakumbuka imejaa ng'ombe waliookolewa. Aliwaza kurudi. Alikumbuka kwamba Baba Nanak, Guru wa kwanza enzi Guru alipokuwa mtu, aliingia mto Bein, si mbali na hapo, na alipotoka hakuona tena watu wa namna mbili; akajiuliza mbona yeye anaona namna mbili kila hatua. Aliita, "Waheguru, Waheguru," lakini kila mara jina la Mungu liligeuka kuwa ugomvi na Mohkam Singh, mwenyekiti wa gurdwara kubwa. Aliona haya. Guru juu ya kichwa, na ugomvi ndani ya kichwa hichohicho.

Mohkam Singh aliwapokea mlangoni, miguu mitupu, akainama mpaka kilemba kikagusa sakafu. Alikuwa amekwisha kutandika kitambaa cheupe kando ya kiti cha Guru wa pale. Ukumbini watu walikuwa wameketi kwa mistari wakila. Wote walinyanyuka, maana Guru akiwa njiani hakuna anayekaa. Sahani zilibaki sakafuni, dengu zikitoa mvuke.

Mwenyekiti alisema karibuni, Guru atakuwa salama hapa, mengine yatazungumzwa baadaye. Kisha akawaambia wanawake wa bondeni, kwa upole uleule, wapite nyuma, vyombo vya kuosha vimejaa.

Mguu wa Bachint ulikuwa umeshagusa kizingiti. Ulirudi. Hakuwa amepanga.

"Ingia, dada," alisema Mohkam Singh. "Mzigo ni mzito."

"Huyu si mzigo, Sardar."

"Basi ingia, watu wamesimama."

"Na mimi nimesimama."

Shingo ya Bachint iliwaka moto. Je, alikuwa amemfanya Guru fimbo ya kuwapigia watu? Aliomba asamehewe kama ndivyo. Kama mwenyekiti angesema ingia mara moja tu zaidi, angeingia.

Lakini aliyesema ni Bibi Tej Kaur, mama yake Mohkam, mkuu wa jiko, mwenye magoti mabovu, ambaye alikuwa ameikumbatia nguzo.

"Mohkam, siku ya harusi yako sikusimama hivi. Muulize anataka nini."

Aliulizwa. Sauti ilimtoka ndogo. "Wanawake wetu wakande unga. Leo, na siku zote. Na maji yakishuka, Guru wetu arudi kwake."

Mtu mmoja nyuma alinong'ona kwamba mafuriko si wakati wa mambo hayo. Bibi Tej Kaur alimgeukia.

"Mama Khivi, mke wa Guru wa pili, alipokuwa akilisha umati, alikuwa akiuliza unga umekandwa na nani? Mimi siwezi kukanda tena. Au utakanda wewe, kwa ndevu hizo?"

Mohkam Singh alizitazama sahani zinazopoa, akatazama maji yanayoramba ngazi ya chini. Akaunganisha viganja, akamwelekea Guru, akasema kitu ndani ya ndevu.

"Walio nyuma hawajasikia," alisema mama yake.

Akainua sauti.

"Mbele ya Guru, na mbele yenu nyote mliosimama, naahidi: kuanzia leo mikono ya bondeni itakanda unga katika jiko hili. Na maji yakishuka, nitambeba Guru wao kwa kichwa changu mwenyewe mpaka nyumbani kwake."