Jiko la Bwana Filimbi

Jiko la chuma liliingia nyumbani kwa Memsahib Kijiko, huko Bahati, Jumatatu asubuhi. Lilivutwa na maksai, likapokelewa kwa heshima ambazo hata kasisi wa Nakuru hakuwahi kupewa. Mlango ulikuwa umeng'olewa ili lipite. Zulia lilikuwa limekunjwa. Memsahib mwenyewe, ambaye wafanyakazi walimpa jina hilo kwa sababu kila jioni alivihesabu vijiko vyake, alisimama kando amevaa kofia.

Jikoni kulikuwa kupya. Zamani chakula kilipikwa katika banda la nje, kikafika mezani kimepoa na pengine kimenyeshewa. Mwaka huo wa hamsini na nne Memsahib alibomoa stoo, akabandika vigae vyeupe ukutani na kuingiza bomba la maji ndani ya nyumba. Kila kitu kilitakiwa kiwe kipya isipokuwa jiko. Jiko alilitaka la kizamani, kama la bibi yake huko kwao Uingereza: la kuni, lenye miguu ya simba, tanuri pana na reli ya shaba ya kuanikia vitambaa. Karibu na hapo lilikuwepo moja tu, kwa jirani yake wa upande wa Solai.

Jirani huyo aliitwa Bwana Filimbi. Alikuwa askari wa akiba, na filimbi ilining'inia shingoni mwake hata akinywa supu. Alikuwa amenunua jiko la mafuta ya taa, akasema lile la zamani alichukue anayelitaka.

Njoki, aliyemsaidia Memsahib jikoni, alilijua jiko hilo kwa kusimuliwa. Mumewe, Kinyanjui, alilipikia miaka mingi. Kisha wakati wa mvua za masika Bwana Filimbi alitangaza kwamba mpishi wake ametoroka, amekwenda kujiunga na watu wa msituni waliopigana na serikali. Tangu siku hiyo Njoki akawa mke wa mtu wa msituni, na wake wa watu wa msituni walikuwa wakipakiwa kwenye lori kila Ijumaa na kupelekwa kambini, penye seng'enge. Memsahib alimwombea abaki mpaka jikoni kuishe. Kwa hiyo Njoki peke yake katika nyumba ile ndiye aliyeomba vigae vipasuke.

Aliyeletwa kulifunga jiko alikuwa Odero, fundi wa chuma kutoka Bondeni, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani. Alipokwenda kuling'oa kwa Bwana Filimbi alikuta makaa bado mekundu ndani yake. Mzungu angeyamwagia maji. Odero aliyachota yote akayatia katika debe, akayafunika kwa majivu na kuja nayo juu ya mkokoteni.

"Kwetu mtu akihama anahama na moto wake," alimwambia Njoki. "Sijui kwenu."

"Hata kwetu," alisema Njoki.

"Basi tumekubaliana. Memsahib asituulize."

Odero alilisimamisha jiko juu ya matofali, akalipima kwa pimamaji, akapachika bomba la moshi hadi juu ya paa na kuziba viungo kwa udongo. Kisha akamwaga yale makaa ndani na kuongeza kuni za mkaratusi. Jiko likavuta vizuri.

Jioni hiyo, jua lilipokuwa linazama upande wa Kiamunyi, mlango wa tanuri ulifunguka na Kinyanjui akatoka. Alitoka kinyumenyume, kama mtu anayetoka kwenye banda la kuku, akajikung'uta majivu magotini.

"Maji yamechemka?" aliuliza.

"Bado," alisema Njoki, akaenda kufunga pazia.

Mtu wa msituni akionekana jikoni, aliyemficha hupelekwa mbali kuliko kambini. Alimpa mumewe kigoda nyuma ya mlango. Hapo ndipo alipouona upande wa nyuma wa kichwa chake, umebonyea kama sufuria iliyoanguka.

"Nani?"

"Filimbi. Alitumia kile chuma cha kuchokolea moto." Kinyanjui alisema bila kinyongo, kama mtu anayeeleza jinsi ya kukoroga uji. "Alitaka nimtajie majina. Nikamtajia niliyoyajua. Viazi, karoti, vitunguu. Akadhani namdhihaki."

"Ulikuwa unamdhihaki?"

"Kwenye vitunguu, kidogo."

"Na sasa uko wapi?"

"Chini ya zizi la ng'ombe. Kaniwekea sakafu ya saruji. Kazi safi, sitaki kusema uongo."

Alirudi tanurini moto ulipofifia. Kesho yake akatoka tena saa ileile, na keshokutwa. Alionja mchuzi na kusema chumvi imezidi, jambo alilolisema pia enzi za uhai wake. Njoki alikuwa akisikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa barabarani. Kila injini ilipobadilisha gia pale mlimani, alichungulia kupitia pazia.

Alhamisi vigae vya mwisho vilibandikwa. Memsahib akatangaza karamu ya jiko siku ya pili yake, na mgeni wa heshima akawa Bwana Filimbi. Njoki hakulala usiku huo, lakini asubuhi alikuwa na wazo. Mke wa mtu wa msituni alikuwa na lori lake. Mjane hakuwa na lori. Ilibidi tu mtu mwenye madaraka amtazame Kinyanjui na kukiri kwamba amekufa.

Ijumaa jioni Odero alikuwepo kuangalia kilango cha moshi. Kinyanjui alipotoka tanurini, Odero alisogeza miguu ili apite.

"Karibu, boss," alisema.

"Leo peleka nyama wewe," Njoki alimwambia mumewe, akamvika aproni. Odero akafunga fundo nyuma.

Kinyanjui aliingia chumba cha kulia na sinia la nyama ya kondoo, akaliweka mbele ya mgeni upande wa kushoto, kama inavyotakiwa. Bwana Filimbi alimtazama, akajipakulia.

"Kinyanjui," alisema. "Mpaka leo hapana jua kupasha sahani moto."

"Samahani, bwana."

"Huyu ndiye yule yako, alikimbia?" aliuliza Memsahib.

"Ndiyo huyu."

Njoki alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia sauti nyembamba ikitoka, akatambua kuwa ni yake. "Bwana, hakukimbia. Amekufa. Tazama kichwa chake."

Bwana Filimbi alifuta mdomo kwa kitambaa. Akainuka, akaenda nyuma ya Kinyanjui na kuingiza vidole viwili katika lile bonyeo, polepole, kama mtu anayepima kiatu chake mwenyewe. Viliingia sawasawa. Kisha akarudi kuketi.

"Mtu kufa hapana tembea," alisema. "Hapana leta nyama. Kama yeye kufa, wapi kaburi?"

"Chini ya zizi lako, bwana."

Memsahib aliangalia vijiko.

"Ile sakafu ni mpya," alisema Bwana Filimbi. "Mimi hapana vunja sakafu mpya." Akakata kipande cha nyama, akakitafuna mpaka kikaisha. "Basi yeye mzima. Kama yeye mzima, alikimbia. Na wewe ulimficha hapa, jikoni kwa Memsahib."

"Baada ya pudini, tafadhali," alisema Memsahib.

Pudini ikaliwa. Kisha Bwana Filimbi akapuliza filimbi.

Askari waliokuwa nje waliingia na kumshika Kinyanjui mabega. Kila mmoja alibaki na konzi ya majivu. Walijifuta kwenye suruali, wakamshika Njoki, ambaye alishikika vizuri.

Lori lilikuwa linanguruma uani. Njoki alipandishwa akiwa na aproni na bila viatu. Ndani wanawake walikuwa wamekwishajaa. Odero alikuja mbio kwa kadiri unene wake ulivyomruhusu, amebeba debe kwa vitambaa viwili.

"Moto wako, mama," alisema, akalisukuma juu. "Makaa nimeyachota yote. Hapa si kwako tena."

Askari wa nyuma alichungulia ndani ya debe, akawashia sigara humo, akafunga mlango.

Tangu siku ile jiko la Memsahib halikuivisha kitu. Lilifukiza moshi ndani, likaacha mikate mibichi. Odero aliitwa mara kadhaa, akalipima kwa pimamaji na kusema limekaa sawa kabisa. Mwishowe Memsahib alinunua la mafuta ya taa, na lile la chuma likapandwa maua. Ng'ombe wa Bwana Filimbi walilala penye saruji kavu, wakatoa maziwa mengi.

Kambini Njoki alitafuta mawe matatu, akayapuliza makaa yake nyuma ya kibanda. Aliogopa ataulizwa. Alipoinua macho aliona moshi mwingine mbele ya kila kibanda, na kando ya kila moto debe, au karai, au chungu kilichovunjika mdomo. Hakuna mwanamke aliyekuja mikono mitupu.

Jua lilipozama wanaume walianza kutoka kwenye majivu mmoja mmoja, wakijikung'uta magoti. Kila mmoja alisimama nyuma ya mkewe. Kinyanjui alikuwa miongoni mwao, bado na aproni.

Kengele ya hesabu ikalia. Wanawake walichuchumaa kwa safu, vichwa chini. Askari alipita katikati yao na fimbo, akihesabu kwa sauti. Alipowafikia wanaume alijipinda ubavu ili asiwaguse, akawapisha kwa adabu, na hakumhesabu hata mmoja.

"Maji yamechemka?" Kinyanjui alinong'ona.

"Bado," alisema Njoki bila kuinua kichwa.