Mwadhini wa Kompyuta ya Kulthum

Mwanangu Kulthum, alipojua maradhi hayamwachi, aliikalia kompyuta yetu ya zamani, ile yenye kichogo kikubwa, akaiimbia. Aliimba utumbuizo wa kumtoa bibi harusi, akaurekodi humo amwekee bintiye Zahra aliyekuwa angali anatambaa. Akanipa amana: sauti ile isitoke nyumbani, isiingie simu ya mtu, mwanamume wa nje asiisikie. Wengine huficha dhahabu. Mimi nilifunika kompyuta kwa leso.

Zahra akakua, akaposwa. Mwimbaji wa kukodi hakumtaka. Siku ya kutolewa mbele ya wanawake, alisema, ataimbiwa na mamake.

Wiki ya harusi akaja mwanangu Badawi kutoka Faza. Badawi ana dini nyingi, na inayomzidi hutugawia sisi. Alipoiona kompyuta imekaa kimya, akatoa flash mfukoni, akaitia programu ya adhana aliyopewa bure na rafiki. Ikawa inaomba ruhusa ya kubadilisha mambo ya ndani, naye akibonyeza ndiyo kila ilipoomba, maana kheri haikataliwi. Alasiri ikaadhini. Tukasema mashaallah, mimi wa kwanza.

Asubuhi ya harusi nikamwita Zahra tujaribu kabla ya wageni. Mikono yake ilikuwa na hina mbichi, nikabonyeza mimi. Kimya. Nikabonyeza tena, ikatuandikia kwamba haijui kitu kile ni nini.

Akaitwa Obeid fundi. Nyumba imejaa wanawake, basi kompyuta ikatolewa dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni. Nikamwambia aitengeneze sauti, ila asiisikie. Alinitazama sana. Nikampa pamba za masikio.

Alifukua mpaka jasho likamtoka, kisha akazitoa pamba.

"Bi Mwana, sauti imo, haikufutwa. Lakini kompyuta hii kila ikiamka husoma faili inayoifundisha kucheza sauti. Hii programu imeiandika upya faili ile, ikajiweka yenyewe tu. Mistari ya zamani siijui, na programu aliyotumia marehemu kurekodi haipatikani tena."

"Itoe hiyo adhana."

"Nikiitoa, haiamki kabisa. Nipe sauti niitume Mombasa kwa simu, kuna vijana wataifungua leo leo."

"Na wataisikiza?"

"Wataifungua vipi bila kuisikiza?"

Zahra alikuwa nyuma ya mlango. "Bibi, mpe. Nakuomba."

Nilimwambia mamake aliniapisha.

"Mama amekufa," akasema. "Mwenye harusi ni mimi."

Sikumpa Obeid kitu. Badawi akaniliwaza kwamba hiyo ni kudura. Nikamwambia kudura haiji na flash.

Alasiri Zahra akatolewa. Wanawake walipiga makofi na kuimba wanayoyajua, naye amekaa kitini kama aliyeletwa msibani. Ndipo chumbani, chini ya leso, kompyuta ya mamake ikaadhini kwa sauti ya mwanamume tusiyemjua. Wanawake wakavuta mitandio, wakanyamaa. Zahra akaniangalia kwa mato makavu mpaka adhana ikesha.

Sasa yuko kwa mumewe, Shela, karibu hata kwa miguu, lakini hajaishika ndia ya kuja kwangu. Badawi husifu kwamba nyumba yangu ina baraka. Mara tano kwa siku yule bwana hupiga kelele pale alipolala mwanangu, nami mtu wa ulimi wangu huu, ningemtukana mpaka waya ziungue. Lakini ni adhana. Basi humwitikia neno kwa neno, kama tulivyofundishwa, kisha nikamfunika leso yake.