Kivuli Kilipofika Mstarini

Mtama alikufa mwishoni mwa Aprili, lakini kwa wiki sita baada ya hapo aliishi maisha matamu kuliko farasi yeyote aliyewahi kukanyaga Haneti. Jumapili ya kwanza alifungua bomba kwa meno akaoga mwenyewe. Ya pili alimkimbiza mbwa wa jirani mpaka mbwa akapanda mti, na kushuka ikabidi aletewe ngazi. Ya tatu alisimama mlangoni mwa kanisa wakati wa mahubiri, na mchungaji alipouliza nani yuko tayari kubadili maisha yake, ni yeye peke yake aliyepiga hatua mbele. Kufika Jumapili ya sita alikuwa ameanza kuongea Kigogo, ila kwa lafudhi ya watu wa Mlali.

Hayo yote Mzee Yoramu aliyasema kwenye simu ya matroni, na upande wa pili mjukuu wake Hilda, mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya bweni, alicheka mpaka matroni akamwambia apunguze sauti, wenzake wanasoma.

Mwanzoni lilikuwa jambo la busara. Yoramu na mkewe Evodia walikubaliana kwamba mtoto yuko kwenye mitihani, asiambiwe. Watu huficha misiba ya binadamu mpaka mtoto amalize karatasi ya mwisho, sembuse farasi. Evodia alitaka mumewe, akiulizwa, ajibu "yupo" tu, basi. Lakini Yoramu alikuwa hajawahi kujibu kitu kwa neno moja tangu azaliwe. Miaka thelathini na moja alikuwa gadi wa treni kwenye reli ya kati, na abiria walisema gari likichelewa Igandu au Saranda, si injini, ni Yoramu hajamaliza kusimulia.

Sasa shule zilikuwa zimefungwa. Jumamosi ya kwanza ya Juni, upepo wa baridi ukipeperusha vumbi la barabarani, Yoramu alimfunga Bwana Harusi kwenye mkokoteni akaenda kumpokea Hilda kituoni. Bwana Harusi alikuwa farasi mzee mweupe, zawadi ya Mansukh, mfanyabiashara wa vitambaa wa Dodoma mjini. Enzi zake alibeba mabwana harusi wa Kihindi wenye vilemba na maua. Mansukh alipohamia Dar es Salaam kwa wanawe, alimwachia Yoramu farasi huyo pamoja na jike lenye mimba, na shamba likaanzia hapo. Jike lilikufa likizaa. Aliyezaliwa, mwekundu kama suke la mtama, alilelewa kwa chupa ya maziwa ya mbuzi na Loisi, binti pekee wa Yoramu, mama yake Hilda.

Loisi naye alishakufa, mwaka wa tatu huu.

"Umwambie kabla hamjafika getini," Evodia alikuwa amemwambia asubuhi. "Mkifika hajajua, nitamwambia mimi, na wewe nitakusema mbele yake."

Basi likasimama. Hilda akashuka na sanduku la bati na godoro lililokunjwa. Alikuwa amerefuka hata sketi ya shule, iliyopanda juu ya magoti, ikawa inamsengenya.

"Shikamoo, mume wangu."

"Marahaba, mke wangu. Shule wanawalisha mbolea?"

"Wanatulisha makande. Mbona umekuja na huyu kikongwe? Mtama kagoma kuvuta mizigo ya wanafunzi?"

"Panda kwanza," alisema Yoramu.

Njia ya kwenda shambani ilikuwa kilomita sita. Kilomita nne za kwanza Yoramu alizungumzia alizeti. Hilda akatoa kwenye leso kipande cha sukari guru alichonunua stendi, akakinusa, akakifunga tena. Alisema huyo Mtama aliyeanza kuongea atakuwa anaomba kwa adabu siku hizi.

"Hilda," alisema Yoramu.

"Abee. Leo naitwa jina? Nimekosa nini?"

"Mtama amekufa."

Hilda alimtazama. Akabana midomo, mashavu yakavimba, kisha kicheko kikamponyoka.

"Kafa na nini? Lafudhi ya Mlali?"

"Ugonjwa wa farasi. Ule unaoletwa na visubi, vile vijidudu vya jioni. Vile vishimo vya juu ya macho vilivimba kama amewekewa mayai mawili chini ya ngozi. Halafu povu likamtoka puani, jeupe, jingi, kama mtu anafua nguo ndani ya kichwa chake."

Ilikuwa kweli tupu. Daktari wa mifugo aliliona povu hilo kwa macho yake. Lakini Hilda alipiga makofi.

"Kufua nguo kichwani. Hiyo mpya."

"Mke wangu, nasema kweli."

"Na mbwa alivyopanda mti, ulisemaje?"

Siku ile pia Yoramu alisema nasema kweli, tena akaapa.

"Tumemzika," akajaribu tena. "Watu sita, siku mbili. Ardhi ilikuwa imekauka, sururu mbili zikavunjika mipini. Jirani zetu wakauliza kwa nini tunaitupa nyama."

"Na mchungaji akaja."

"Alikuja, ndiyo. Kumpa bibi yako pole."

Hapo Hilda alicheka mpaka machozi, akajifuta kwa ile leso yenye sukari guru. Yoramu akashika hatamu kwa mikono miwili akatazama masikio ya Bwana Harusi. Miaka sabini na moja alikuwa amejifunza kusema jambo likachekesha. Kulisema likaaminika hakuwahi kujifunza, na sasa geti lilikuwa linaonekana, na Evodia amesimama pale, mikono kiunoni.

Hilda aliruka chini kabla mkokoteni haujasimama. "Shikamoo, mke mwenzangu," akamwambia bibi yake akipita mbio, akaenda moja kwa moja bandani. Wakamsikia akipiga makofi mawili na mluzi mmoja mrefu. Ndivyo Loisi alivyokuwa akimwita Mtama.

"Hujamwambia," alisema Evodia.

"Nimemwambia."

"Mbona anapiga mluzi?"

Mluzi ukalia tena. Farasi wawili waliokuwa bandani walitoa vichwa, kisha wakavirudisha. Hilda akatoka, tabasamu bado liko, ila limeanza kuchoka.

"Mmemficha wapi? Bibi, huyu mumeo kamficha wapi?"

Evodia hakuwa mtu wa mizaha. Hata harusini kwake, watu walisema, alicheka mara moja, tena kwa sababu benchi lilianguka na mpambe wake. Alijifunga vizuri kanga kiunoni, akamshika Hilda mkono.

"Njoo, mwanangu," alisema.

Tabasamu likabaki usoni mwa Hilda kama nguo iliyosahaulika kambani. Wakaenda watatu nyuma ya ua wa minyaa. Pale palikuwa na tuta refu lililofunikwa matawi ya miiba, fisi wasifukue. Hilda alichuchumaa. Alilitazama tuta kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kama anampima. Akaifungua leso, akaiweka sukari guru juu ya udongo, akaona sisimizi wanakuja, akaichukua tena akaifunga.

"Nani alichelewa kumwingiza?" aliuliza, bila kugeuka.

"Hakuna aliyechelewa," alisema Evodia. "Ni ugonjwa. Hata kwenye shamba la mzungu wa kule Kongwa walikufa watatu."

Lakini Hilda alikuwa mtoto wa Loisi, na alijua desturi ya shamba lile kama anavyojua jina lake. Visubi huanza kuruka jua likianza kuzama, hasa miezi ya mvua na mara tu zinapoisha. Kwa hiyo Loisi, mwaka ule Mtama alipoanza kula majani, alipaka mstari wa chokaa kwenye ukuta wa banda. Kila jioni kivuli cha nguzo ya geti hupanda ukuta ule taratibu. Kikigusa mstari, farasi wote wawe ndani, chandarua kishushwe mlangoni, na moto wa mavi makavu uwashwe utoe moshi. Wale wengine watatu walikuwa wakisikia ndoo ya pumba inagongwa, wanaingia wenyewe. Mtama, kwa kuwa alilelewa kwa chupa, ndoo hakuijua. Alimfuata mtu. Ilikuwa lazima aendewe malishoni na kushikwa, na tangu Loisi aondoke, mtu huyo alikuwa Yoramu.

Angeweza kunyamaza. Mkewe alikuwa ameshamjengea pa kujificha, tena kwa upendo na bila kujua. Jioni Mtama alipochelewa kuingizwa, yeye alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya.

"Ni mimi," alisema Yoramu.

Evodia akageuka.

"Walipita wachuuzi wa ng'ombe wakitokea mnadani. Wakaomba maji. Nikaanza kuwasimulia. Nilikuwa nimeketi pale getini, ukuta nauona. Kivuli kilifika mstarini nikakiona, Hilda. Sikusahau. Nilikiona, nikasema moyoni nimalize kidogo hiki kilichobaki."

"Halafu?"

"Nikamaliza. Wakasema, mzee, rudia pale mwanzo, huyu mwenzetu alikuwa anakunywa maji hakusikia. Nikarudia. Nilipokwenda kumchukua kulikuwa tayari giza linaingia, na wale wadudu wamemjaa tumboni."

Upepo ulivuma ukapita kwenye miiba. Hilda alisimama, akajikung'uta magoti.

"Ilikuwa hadithi ipi?"

Yoramu alitamani aulizwe chochote kingine.

"Ya Saranda," alisema. "Ya kuku."

Katika hadithi ile kuku anataga mayai kumi na mbili juu ya reli, na dereva, kwa kuwa ni mtu wa dini, anakataa kuyakanyaga. Treni inasubiri siku ishirini na moja. Abiria wanapanda choroko, wanavuna, wawili wanaoana. Mayai yanapoanguliwa, gadi Yoramu anawakatia vifaranga tiketi za daraja la pili, nusu nauli, na treni inaondoka. Hilda aliisikia mara ya kwanza siku ya nne baada ya mama yake kuzikwa. Alikuwa hajala wala hajasema neno, na babu yake alipofika kwenye nusu nauli, alicheka. Evodia alikwenda kulia jikoni kwa kukisikia kicheko kile.

"Ulikuwa umefika wapi," aliuliza Hilda, "ulipokiona kivuli?"

"Kwenye vifaranga."

"Kwenye tiketi?"

"Ndiyo."

Hilda aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa mzigo wake na kukuta ndio wenyewe. "Sawa, Babu," alisema, akarudi nyumbani kwenda kushusha sanduku.

Yoramu alisimama pale, na lile neno Babu, badala ya mume wangu. Ndivyo alivyokuwa. Ni babu yake. Hakuna mtu angeweza kusema mtoto amemkosea adabu.

Likizo ilikuwa ya mwezi mmoja. Wiki ya kwanza Evodia alizungumza na mumewe habari za unga na maji tu. Jumamosi watoto wa jirani walikuja kupanda farasi kama kawaida, wakakaa getini kusubiri hadithi, na Yoramu akawaambia koo linamuuma. Hilda alifanya kazi zote. Alichana manyoya, alisafisha kwato, alimtembeza Bwana Harusi mapema kabla umande haujakauka. Kuanzia saa kumi alikuwa akichukua kigoda, anaketi mbele ya ukuta, na daftari lake mapajani. Kivuli kikipanda, naye anainuka. Hakumtuma mtu. Juni ile kavu ilikuwa na visubi wachache wa kuhesabu, lakini aliwasha moto kila siku, na moshi ulipojaa ua mzima alisimama ndani yake bila kujifunika uso, macho yakimtoka machozi, na hakuna aliyeweza kusema ni ya moshi au si ya moshi.

Siku moja Yoramu alivuta kigoda kingine akakaa karibu naye.

"Mke wangu," alianza, "unajua Bwana Harusi alivyokuwa kijana, siku moja kule mjini alimkataa bwana harusi mwenyewe, akasema huyu..."

"Babu," alisema Hilda. "Kivuli."

Kilikuwa bado shubiri nzima kufika mstarini. Yoramu aliinuka akaenda kuchukua ndoo ya pumba.

Siku ya kuondoka, Hilda alimpa Bwana Harusi ile sukari guru, iliyokuwa imeanza kuyeyuka ikashikamana na leso, ikabidi farasi mzee ailambe. Kituoni, basi likiwa linapakia, alimwinamia babu yake kwa heshima zote, halafu akabaki ameshika mpini wa sanduku.

"Jumapili utapiga?"

"Ukitaka."

"Piga. Uniambie tu wameingia saa ngapi."

Jumapili Yoramu alioga, akavaa shati, akapiga. Matroni alipopokea alisema, haya, mzee wa vituko, leo nini tena, akaipeleka simu kwa Hilda akicheka tayari.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Jana waliingia saa kumi na moja na dakika ishirini. Juzi na dakika kumi na nane. Alhamisi, siku ndoo ilipotoboka, waliingia na robo. Moto uliwaka vizuri."

"Chandarua?"

"Nilikishusha. Bibi yako alihakiki."

"Haya."

Yoramu alisubiri aseme kwaheri, lakini Hilda hakuaga. Alikuwa akipumua tu, na nyuma yake sauti za wasichana wakifua nguo. Yoramu alijua upumuaji ule. Ndivyo alivyokuwa akipumua kila mara akisubiri hadithi ya kuku ianze. Akafungua mdomo. Alilitafuta neno la kwanza pale lilipokaa miaka yote, na alipolitafuta aliona ukuta, na chokaa, na kile kivuli, na wachuuzi wanacheka vikombe mkononi.

"Hilda," alisema.

"Abee."

"Na leo wataingia saa hiyohiyo."

Wakakaa hivyo, yeye getini na mtoto shuleni, kila mmoja ameshika simu sikioni, mpaka salio likaisha.