Taa Mpya za Dhahabu

Dhahabu hakuita fundi. Mtu anayepika pilau ya harusi nzima, alisema, hashindwi na balbu mbili. Jioni hiyo, nyumbani kwake Utange, alifungua boneti ya pikapu yake, akatoa balbu za halojeni zilizofifia, akatia za LED. Baada ya Magharibi akapakia masufuria, akashika njia ya kwenda kwenye harusi Kisauni.

Gari la kwanza lililomkabili lilimpigia taa. La pili vilevile. "Wallahi, wameziona!" akafurahi. Naye, aliyelelewa kuijibu kila salamu kwa salamu iliyo bora zaidi, akawajibu wote kwa taa kali, mkono juu.

Alipoegesha mbele ya nyumba ya harusi, nduguye Badi, aliyetumwa kumlaki njiani, aliingia nyuma yake kwa pikipiki akifikicha macho.

"Dada! Nimekupigia taa upunguze, nawe ukanizidishia! Nusura niingie mtaroni!"

"Nilikuwa nakujibu salamu."

Badi alinyoosha kidole juu. Mlango wa nyumba ulikuwa gizani. Mwanga wote wa taa zake ulikuwa ghorofani, na wanawake wa huko walikuwa wakishusha mapazia huku wakilalama.

Dhahabu alitazama, akazima taa, akafungua boneti. Kumbe balbu alikuwa amezitia juu chini. Akazigeuza, akawasha tena. Mwanga ukashuka, ukatanda chini kama mkeka.

"Haya, teremsha masufuria," akasema, akifunga boneti kwa kishindo. "Hao wengine nitawasalimu vizuri nikirudi."