Kitufe cha Kusimamisha

Swali linaloniudhi kuliko yote ni hili: "Mwalimu, hii mashine ya kujifunzia urubani ni sawasawa na ndege ya kweli?" Nawajibu kwa mkato: swichi ni zilezile, kiti kinatikisika, mvua inapiga kioo, ving'ora vinalia mpaka mashati yanalowa jasho. Mnataka nini tena, mbawa?

Zamani nilikuwa naongeza na utani: ya kwangu ni bora, maana ina kitufe cha kusimamisha. Mwanafunzi akizidiwa anaachia usukani, ananyoosha mkono, nami nyuma yake nabonyeza. Ndege inaganda angani. Tunacheka, tunakunywa maji, tunaanza upya.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, nilimfundisha humo miezi minane. Nilimdekeza, nakiri. Akiguna tu, nimeshabonyeza.

Mvua yake ya kwanza akiwa peke yake, na ndege ndogo ya mizigo, hakurudi.

Wachunguzi wa ajali wakaniita nisikilize kinasa sauti cha ndege. Kuna maneno hayakuwaingia akilini: "Mjomba, simamisha!" Kisha, kwa vipimo vyao, usukani ukaachwa, sekunde nne nzima, mpaka chini. "Alikuwa anaongea na nani, na hakuna mtu mwingine humo?"

Tangu hapo maneno hayo nayasikia bafuni, kwenye foleni ya benki, hata karibu na mashine ikiwa imezimwa. Haki ya Mungu, naitika. Watu wananigeukia.

Dada naye, alipoambiwa maneno hayo, akapata faraja iliyokuwa inaniua. "Dakika ya mwisho alikukumbuka wewe, kaka yangu." Akawasimulia mpaka majirani. Nilivumilia wiki sita. Jana mchana nikamkuta anakunja nguo za kijana, nikamweleza yote: kitufe, mkono, sekunde nne. "Nilimzoesha kwamba kuna mtu nyuma yake. Mimi ndiye niliyemuua, dada."

Nilitaka anitukane, anipige hata na kiatu. Akakunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kwa hiyo hizo sekunde nne alijua utasimamisha?"

"Ndiyo."

"Basi hakuogopa." Akanishika mkono kwa nguvu. "Niambie mwanangu hakuogopa."

Kanda ile niliisikia mimi, yeye hakuisikia. Sekunde zote nne mtoto alikuwa analia, ananiita.

"Hakuogopa, dada," nikasema.